Mipaka ya Sauti ya Mwanadamu: Mafunzo kutoka Jukwaa la Opera

Tarehe 30 Septemba 1791, katika ukumbi wa maonyesho uliokuwa kitongojini mwa jiji la Vienna, iliimbwa kwa mara ya kwanza opera ya Wolfgang Amadeus Mozart iitwayo Die Zauberflöte, yaani Filimbi ya Ajabu. Ndani ya kazi hiyo moja wamo wahusika wawili walio mbalimbali kama mbingu na ardhi. Malkia wa Usiku, ambaye siku hiyo aliimbwa na Josepha Hofer, shemeji yake Mozart, hupanda hadi noti ambayo kwa kipimo cha leo ni mitetemo takriban 1,400 kwa sekunde. Kuhani Sarastro, aliyeimbwa na Franz Xaver Gerl, hushuka hadi mitetemo 87 kwa sekunde. Baina ya noti hizo mbili pana oktava nne kamili, kwa maana kwamba mitetemo ya noti ya juu ni mara 16 ya ile ya chini.

Hakuna mwimbaji mmoja anayetarajiwa kuimba nafasi zote mbili. Mtu mzima asiyefundishwa uimbaji huwa na upana wa oktava mbili hivi, na aliyefundishwa kwa miaka mingi huweza kutumia jukwaani mbili na nusu, pengine tatu. Kwa nini upana huo usiongezeke kwa juhudi peke yake? Na hutokea nini mtu anapoilazimisha sauti ipite pale maumbile yalipoiwekea mpaka? Maswali haya huonekana kuwa ya wanamuziki, lakini majibu yake yanamhusu pia mwalimu wa darasa lenye wanafunzi wengi, mhubiri, mwanakwaya, mwadhini na kondakta wa daladala. Yanamhusu zaidi mgonjwa ambaye sauti yake imebadilika naye hajui kama asubiri au aende hospitali.

Ala iliyofichika kooni

Kwa karne nyingi waalimu wa uimbaji walifundisha bila kuiona ala waliyoifundisha. Zoloto, yaani kisanduku cha sauti, imekaa juu ya bomba la hewa, nyuma ya kile kifundo kinachojitokeza shingoni mwa wanaume. Ndani yake mna mikunjo miwili ya nyama laini inayoitwa nyuzi sauti. Madaktari walikuwa wamezichunguza kwa maiti, lakini kuziona zikifanya kazi kwa mtu aliye hai lilikuwa jambo gumu.

Aliyefanikiwa hakuwa daktari. Manuel García, aliyezaliwa mwaka 1805 katika ukoo mashuhuri wa waimbaji wa opera wenye asili ya Hispania, alikuwa mwalimu wa uimbaji. Sauti yake mwenyewe iliharibika angali kijana, naye akaacha jukwaa. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu, akakipasha moto, akakiweka nyuma ya koo lake, na kwa kioo cha pili cha mkononi akaurudisha mwanga wa jua ndani. Akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata matokeo ya uchunguzi huo yaliwasilishwa mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society jijini London, na baada ya muda mfupi madaktari wa Vienna na Budapest wakakiingiza kioo hicho katika utabibu. García alifariki mwaka 1906 akiwa na umri wa miaka 101. Kila mgonjwa anayechunguzwa leo kwa kioo au kamera ya kooni ananufaika na udadisi wa mwimbaji aliyepoteza sauti.

Jinsi noti inavyozaliwa

Mapafu ndiyo yanayosukuma hewa. Nyuzi sauti zinapokaribiana, hewa hujilimbikiza chini yake mpaka shinikizo linazitenganisha. Pumzi kidogo hupita, kisha unyumbukaji wa nyuzi na kasi ya hewa yenyewe huzirudisha pamoja. Tendo hilo hujirudia mara nyingi kila sekunde, na masikio huyasikia marudio hayo kama noti moja. Mitetemo 100 kwa sekunde huleta sauti nzito ya mwanamume anayezungumza. Mitetemo 200 huleta sauti ya kawaida ya mwanamke.

Mwaka 1950 mtafiti Mfaransa, Raoul Husson, alidai kwamba kila mtetemo huamriwa na ubongo kupitia neva. Dai hilo halikudumu, kwa kuwa hakuna msuli wa mwanadamu uwezao kukaza na kulegea mara 1,400 kwa sekunde. Mwaka 1958 Mholanzi Janwillem van den Berg aliweka wazi nadharia inayokubalika hadi sasa: ubongo huziweka nyuzi katika mkao, urefu na ukazo unaofaa, na hewa ndiyo inayozitetemesha. Bendera iliyofungwa mlingotini hupepea kwa namna hiyohiyo. Aliyeifunga anaweza kuikaza au kuilegeza, lakini kinachoipepesha ni upepo.

Miaka ya 1970 Mjapani Minoru Hirano alieleza kwamba uzi sauti una matabaka. Ndani kuna msuli, na juu yake kuna utando mwororo ulio juu ya tabaka laini mithili ya uji mzito. Mtetemo husafiri juu ya utando huo kama wimbi dogo la maji. Kovu, uvimbe, ukavu au damu iliyovuja chini ya utando huo hulizuia wimbi, na sauti hukwaruza. Hii ndiyo sababu kinundu kidogo kisichozidi punje ya mtama kinaweza kumaliza kazi ya mwimbaji, ilhali kinundu kama hicho kwenye kiganja hakingemshughulisha mtu.

Maumbile na mipaka yake

Upana wa sauti huanzia kwenye vipimo vya mwili. Nyuzi za mwanamume mzima huwa na urefu wa milimita 17 hadi 25 hivi. Za mwanamke ni milimita 12.5 hadi 17.5. Ndefu na nene hutetema polepole, fupi na nyembamba hutetema haraka. Wanakwaya wanaozigawa sauti kuwa ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, yaani soprano, alto, tena na besi, wanafuata mpangilio huohuo wa maumbile. Soprano wa opera kwa kawaida huhitaji kwenda kati ya mitetemo 260 na 1,050 kwa sekunde. Tena kati ya 130 na 520. Besi kati ya 80 na 330.

Watoto wa kike na wa kiume huanza na zoloto zinazokaribiana ukubwa. Mvulana anapobalehe, homoni ya testosteroni huikuza zoloto yake, huzirefusha nyuzi na kuzinenepesha, na sauti hushuka kwa takriban oktava nzima. Msichana naye hushuka, ila kwa kiasi kidogo. Historia ya opera ina ushahidi wa kusikitisha wa jambo hili. Katika karne ya 17 na ya 18, Italia iliwahasi wavulana wenye sauti nzuri kabla hawajabalehe, ili zoloto ibaki ya kitoto huku kifua na mapafu vikikua vya mtu mzima. Farinelli, aliyezaliwa mwaka 1705, alikuwa mashuhuri kuliko wote. Wa mwisho kurekodiwa, Alessandro Moreschi, aliacha rekodi za mwaka 1902 na 1904. Sauti hizo zilinunuliwa kwa miili ya watoto ambao hawakuwa na uwezo wa kukataa, na zama hizo zilikoma kwa haki. Siku hizi nafasi zao huimbwa na wanawake, au na wanaume wanaotumia falseto, mbinu ya kuzinyoosha nyuzi ziwe nyembamba na kuziacha zigusane kingo tu.

Mabadiliko yanayoletwa na homoni za kiume hayarudi nyuma. Mwanamke anayepewa dawa zenye nguvu ya homoni hizo, au anayetumia steroidi za kujenga misuli, anaweza kupata sauti nzito ambayo haitanyanyuka tena hata akiacha dawa. Anayemwandikia mwanamke dawa ya namna hiyo ana wajibu wa kumweleza hilo mapema, hasa ikiwa mgonjwa huyo ni mwimbaji au mwalimu.

Hata hivyo, sauti ya kuzungumza haielezi yote. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na ambaye baadaye aliimba pamoja na soprano wa opera Montserrat Caballé, alitambulika ulimwenguni kwa noti zake za juu. Utafiti wa mahojiano yake uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba alipozungumza, sauti yake ilikuwa na mitetemo takriban 117 kwa sekunde, kiwango kinachoelekeza kwenye baritoni, yaani sauti iliyo kati ya tena na besi. Mtu anaweza kupewa ala ya aina moja akajifunza kuipiga karibu na ukingo wake.

Kilele na kina

Je, ukingo wenyewe uko wapi? Upande wa chini, Mozart alimwandikia mhusika Osmin, katika opera ya mwaka 1782, noti yenye mitetemo 73 tu kwa sekunde. Chini zaidi ya hapo nyuzi hulegea kiasi kwamba masikio huanza kusikia mikwaruzo iliyoachana badala ya noti moja. Noti za namna hiyo zipo, lakini hazina nguvu ya kusikika juu ya okestra.

Upande wa juu, mwaka 2017 katika jumba la Metropolitan Opera jijini New York, soprano Audrey Luna aliimba noti yenye mitetemo 1,760 kwa sekunde katika opera ya Thomas Adès iitwayo The Exterminating Angel. Jumba hilo lilitangaza kwamba noti ya juu kiasi hicho haikuwahi kuimbwa humo tangu lianzishwe. Ili kufika huko, nyuzi hunyooshwa karibu na mwisho wa uwezo wake, na ni sehemu ndogo tu ya kingo zake inayotetema.

Kuna pia mpaka wa nguvu. Jumba hilo lina viti takriban 3,800, na desturi ya opera ni kuimba bila kipaza sauti. Mtu mmoja anawezaje kusikika mbele ya wanamuziki zaidi ya 60? Jibu lilitolewa na Johan Sundberg wa Stockholm miaka ya 1970. Okestra huweka nguvu zake nyingi karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, kisha nguvu hizo hupungua kadiri mitetemo inavyopanda. Mwimbaji mzoefu, hususan wa kiume, huishusha zoloto na kuipanua nafasi iliyo juu yake, hata sauti yake ikapata mvumo wa ziada karibu na mitetemo 3,000. Hapo okestra ni dhaifu, na hapohapo sikio la mwanadamu ni jepesi kusikia. Anapita palipo na upenyo, kama mtu mwembamba katika umati. Anayepiga kelele ili aishinde okestra kwa nguvu za koo atashindwa, na ataumia.

Mpaka wa tatu ni wa maneno. Irabu hutambulika kwa namna kinywa na koo vinavyoivumisha sauti. Mvumo wa kwanza wa irabu "i" na "u" huwa karibu na mitetemo 300 kwa sekunde. Wa "a" huwa karibu na 800 au zaidi. Soprano anapoimba noti ya mitetemo 1,000, noti yenyewe imekwisha kuipita mivumo hiyo, na hulazimika kufungua kinywa sana ili sauti isipotee. Hapo irabu zote huelekea kufanana na "a". Lau Kiswahili kingeimbwa katika kilele hicho, "kaka" na "kuku" vingesikika karibu sawa. Ndiyo maana majumba mengi ya opera huonyesha maandishi juu ya jukwaa hata pale wasikilizaji wanapoijua lugha.

Gharama ya kuvuka mpaka

Mwaka 1841 mwimbaji wa Uswidi, Jenny Lind, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alifika Paris kumwona García. Alikuwa ameimba mfululizo kwa miaka kadhaa bila mafunzo ya kutosha, na sauti yake ilikuwa imekauka, noti za kati zikimtoka kwa shida. García hakumpa mazoezi. Alimwagiza kwanza anyamaze: asiimbe kabisa, na azungumze kwa uchache kadiri iwezekanavyo, kwa wiki kadhaa. Aliporudi, nyuzi zikiwa zimepumzika, ndipo masomo yalipoanza. Miaka michache baadaye Lind alikuwa mwimbaji maarufu kuliko wengi barani Ulaya. Miaka 13 kabla hajaziona nyuzi kwa kioo, García alikuwa amekwisha kutambua kanuni inayofuatwa hadi leo, kwamba tishu iliyovimba hupumzishwa kabla ya kufundishwa.

Jeraha la kawaida zaidi ni vinundu, ambavyo huota katikati ya sehemu inayotetema, pande zote mbili, pale nyuzi zinapogongana kwa nguvu. Mfano wake ni sugu ya kiganja cha mkulima. Vinundu vingi hupungua au hutoweka kwa tiba ya sauti, yaani mgonjwa kufundishwa namna ya kupumua, kuzungumza na kuimba bila kukaza koo. Polipi na uvimbe wenye majimaji ndani huwa tofauti. Mara nyingi hukaa upande mmoja na huenda ukahitaji upasuaji wa darubini. Tena wa Meksiko, Rolando Villazón, alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa uzi sauti mwaka 2009, akarudi jukwaani mwaka 2010, na baadaye akarekodi nafasi ya Papageno katika opera ileile ya Filimbi ya Ajabu, nafasi ya baritoni isiyodai noti za juu za tena. Soprano Mfaransa Natalie Dessay, aliyepata sifa kubwa kama Malkia wa Usiku, alifanyiwa upasuaji mara mbili mwanzoni mwa miaka ya 2000, akarudi kuimba, kisha mwaka 2013 akaiaga opera. Upasuaji uliwarudisha kazini, lakini kila mmoja alilazimika kuujua upya mpaka wake.

Hatari ya ghafla zaidi ni kupasuka kwa mshipa mdogo wa damu ndani ya uzi sauti. Mwimbaji hupotewa na sauti katikati ya wimbo, mara nyingi bila maumivu. Hapo kunyamaza kabisa ni lazima, na kuendelea kuimba kunaweza kuacha kovu la kudumu. Aspirini na dawa za jamii yake huongeza uwezekano wa kuvuja damu, hivyo hazifai kumezwa kiholela kabla ya onyesho. Sindano ya steroidi anayoiomba mwimbaji aliyepwewa na sauti ili aimbe usiku huohuo hupunguza uvimbe kwa muda, lakini pia humwondolea ishara ya kumtaka asimame. Haifai kutolewa kabla nyuzi hazijatazamwa.

Neva ya noti za juu

Kuna jeraha lisilotokana na kuimba, nalo linawahusu sana wakazi wa maeneo ambako rovu, yaani goita, ni ugonjwa wa kawaida. Nyuma ya tezi dundumio, ambayo wengi huiita thairoidi, hupita neva zinazoiendesha zoloto. Neva inayorudi nyuma kutoka kifuani huamuru misuli inayozifungua na kuzifunga nyuzi. Ikiumia upande mmoja, sauti huwa dhaifu na yenye pumzi nyingi, na maji ya kunywa huweza kumpalia mgonjwa. Zikiumia pande zote mbili, njia ya hewa yenyewe huweza kuziba. Neva nyingine nyembamba, tawi la nje la neva ya juu ya zoloto, huamuru msuli unaozinyoosha nyuzi. Hiyo ndiyo neva ya noti za juu. Ikikatwa, mtu huzungumza karibu kama kawaida, lakini hawezi tena kupanda wala kuita kwa nguvu.

Madaktari wa upasuaji wameihusisha neva hiyo na jina la Amelita Galli-Curci, soprano aliyezaliwa Milan mwaka 1882 na kupata umaarufu mkubwa Marekani kuanzia mwaka 1916. Mwaka 1935 alifanyiwa upasuaji wa goita jijini Chicago, chini ya ganzi, akiwa macho. Mwaka uliofuata alijaribu kurudi kwenye opera, lakini noti zake hazikuwa zile za awali, naye akastaafu. Kwa miongo mingi wanafunzi wa udaktari wamesimuliwa kwamba neva yake ilikatwa siku ile. Watafiti waliorejea rekodi na magazeti ya wakati huo wamelitilia shaka simulizi hilo: sauti yake ilianza kushuka miaka kadhaa kabla ya upasuaji, na goita yenyewe ilikuwa ikilibana bomba la hewa.

Mgogoro huo una fundisho kwa kila kliniki. Kama sauti haikuchunguzwa kabla ya upasuaji, ni vigumu kusema baadaye kilichoiharibu ni nini. Mgonjwa anayesubiri upasuaji wa rovu anapaswa kuulizwa anaitumia sauti yake kwa kazi gani, na nyuzi zake zitazamwe kabla na baada. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: "Daktari, sauti yangu itakuwaje?" Atakayesema, "Mimi ni mwalimu," au "Mimi huimba kwaya," amempa daktari taarifa ya maana sawa na ile ya mzio wa dawa.

Kwa wasioimba opera

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini mambo haya hayaishii jukwaani. Mwalimu wa kike ambaye nyuzi zake hutetema mara 200 kwa sekunde, na ambaye kwa siku hutoa sauti kwa jumla ya saa 2, huzigonganisha nyuzi hizo mara 1,440,000. Mwimbaji wa opera hupewa siku za mapumziko baina ya maonyesho. Mwalimu hurudi darasani kesho yake saa mbili asubuhi, penye vumbi la chaki na kelele za darasa jirani.

Baadhi ya mazoea ya waimbaji yanaweza kufuatwa na yeyote bila gharama. Kunywa maji mara kwa mara huusaidia ute wa nyuzi kubaki mwepesi. Kupumzika dakika chache baada ya kila kipindi ni bora kuliko kupumzika siku nzima baada ya sauti kukatika. Kupiga makofi au kengele ili kuita watoto huiokoa sauti. Kunong'ona kwa kukaza koo hakuipumzishi sauti. Ni afadhali kuzungumza taratibu na kwa uchache. Tumbaku huziunguza na kuzivimbisha nyuzi, na ndiyo sababu kuu ya saratani ya zoloto. Anayesumbuliwa na kiungulia na kuamka na sauti nzito asile muda mfupi kabla ya kulala.

Tangawizi, asali na ndimu hutuliza koo, lakini havizifikii nyuzi, kwa kuwa chakula na kinywaji hupita njia ya umio, nayo zoloto hujifunga tunapomeza. Mayai mabichi, ambayo baadhi ya wanakwaya huyanywa kabla ya kuimba, hayaongezi noti hata moja na huweza kubeba vijidudu vya salmonela.

Mafua yanapoleta sauti ya kukwaruza, virusi ndivyo chanzo cha kawaida, na hali hiyo hupona ndani ya wiki moja au mbili bila antibiotiki. Mkwaruzo unaodumu zaidi ya wiki tatu hadi nne unahitaji koo litazamwe. Dozi ya pili na ya tatu ya antibiotiki bila uchunguzi humpotezea mgonjwa muda ambao saratani changa ya zoloto ingeweza kutibiwa na sauti kubaki.

Rufaa isicheleweshwe hata kwa wiki hizo ikiwa mgonjwa ni mvutaji wa sigara, anapata shida kumeza, anakohoa damu, ana uvimbe shingoni, anapungua uzito, au sauti imebadilika baada ya upasuaji wa shingo au kifua, au baada ya kuwekewa mpira wa kupumulia. Sauti ya kukwaruza pamoja na kikohozi cha muda mrefu na homa za jioni huweza kuwa kifua kikuu kilichofika kwenye zoloto, hivyo makohozi yapimwe. Mtoto ambaye sauti yake hukwaruza kwa miezi asiambiwe tu kwamba analia sana, kwani huenda ana vioteo vinavyosababishwa na virusi vya papiloma, navyo hukua hadi kuziba hewa. Mkoromo wa kuvuta pumzi kwa shida, kwa mtoto au mtu mzima, ni dharura ya saa hiyohiyo.

Mwimbaji mzuri wa besi haoni aibu kwamba hawezi kuimba nafasi ya Malkia wa Usiku. Ameijua ala yake, anaitumia ndani ya eneo lake, na inapomwambia imechoka, humsikiliza mwalimu na daktari wake. Mgonjwa aliyekuja kliniki na sauti iliyobadilika kwa mwezi mzima naye amesikia jambo hilohilo. Kinachobaki ni mhudumu wa afya atakayempokea na kuhakikisha koo lake limetazamwa.